Manjano na Dawa ya Maumivu: Habari ya Maabara Isigeuzwe Tiba ya Nyumbani

Maandishi kamili ya mazungumzo ya elimu ya afya kwa wakazi wa Garsen na Delta ya Tana



Mada ya leo ni swali moja. Je, ni kweli kwamba manjano ya jikoni yakichanganywa na kidonge cha kutuliza maumivu huua saratani? Habari za namna hii husambaa haraka kwa simu. Mtu hupokea ujumbe usiku, asubuhi ameshautuma kwa shangazi yake Kipini, na jioni shangazi ameshanunua nusu kilo ya manjano.

Jibu lina sehemu mbili, na zote mbili ni muhimu. Ya kwanza ni kwamba wanasayansi wameona katika maabara kuwa dawa fulani za maumivu, zikiwekwa pamoja na kiini cha manjano, huzuia seli za saratani kukua kuliko kila moja ikiwa peke yake. Hilo si uongo. Ya pili ni kwamba hakuna jaribio lililofanywa kwa wagonjwa likaonyesha kwamba mchanganyiko huo unaponya saratani. Kati ya sehemu ya kwanza na ya pili kuna safari ndefu, na mgonjwa anayeiruka safari hiyo anaweza kupoteza kitu ambacho hakinunuliwi: wakati.

Saratani si jambo dogo nchini. Makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani kwa mwaka 2022 yaliweka wagonjwa wapya wa Kenya kuwa zaidi ya 44,000, na vifo zaidi ya 29,000. Saratani za matiti, mlango wa kizazi, tezi dume, umio na utumbo mpana ndizo zilizoongoza. Kadhaa kati ya hizo, zikigunduliwa mapema, hutibika. Zikichelewa, hata hospitali kubwa hubaki na njia chache.

DAWA YA MAUMIVU HUFANYA NINI MWILINI

Ni vyema kuanza na kidonge chenyewe. Aspirini ina asili ya mmea. Tangu zamani watu wa Ulaya walitumia gome la mti uitwao willow kutuliza homa na maumivu. Mwaka 1897, mwanakemia Felix Hoffmann wa kampuni ya Bayer huko Ujerumani alitengeneza dawa safi iliyokuja kuitwa aspirini. Kwa miaka zaidi ya 70 watu waliimeza bila kujua hasa inavyofanya kazi. Mwaka 1971, John Vane wa Uingereza alionyesha kwamba aspirini huzuia mwili kutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini. Mwaka 1982 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na wanasayansi wawili wa Sweden.

Prostaglandini ndizo zinazoleta maumivu, uvimbe na homa. Hutengenezwa kwa msaada wa kimeng'enya, yaani kitu kinachofanya kazi mwilini kama mashine ndogo. Kimeng'enya hicho kiko cha aina mbili. Aina ya kwanza hufanya kazi siku zote, na moja ya kazi zake ni kulinda utando wa tumbo usichomwe na asidi. Aina ya pili, iitwayo COX-2, huamka pale penye jeraha au uvimbe. Wanasayansi waligundua kwamba vimbe nyingi za saratani ya utumbo mpana zina COX-2 kwa wingi. Ndiyo maana walianza kujiuliza: dawa inayoizima mashine hii haiwezi kusaidia dhidi ya saratani?

Hapa pana jambo la kufahamu vizuri. Dawa za maumivu si kitu kimoja. Aspirini, ibuprofeni, diklofenaki na selekoksibu ni za ukoo mmoja. Parasetamoli, ambayo wengi huijua kwa jina la Panadol, haimo katika ukoo huo na haifanyi kazi kwa njia hiyo. Kwa hiyo ujumbe wa simu unaosema tu "dawa ya maumivu" tayari umeacha jambo kubwa nje. Tena, baadhi ya vidonge vya mchanganyiko vinavyouzwa madukani vina aspirini ndani yake bila mnunuzi kujua. Ni lazima kusoma pakiti au kumwuliza mhudumu wa kemisti.

MANJANO YANA NINI

Rangi ya manjano hutokana na kiini kiitwacho kurkumini. Kila familia ya Pwani inayajua manjano katika mchuzi wa samaki na katika wali. Kiasi hicho cha chakula hakina neno, na mazungumzo haya hayamkatazi mtu kupika.

Kurkumini nayo hugusa ile mashine ya COX-2, lakini kwa upande mwingine. Dawa ya maumivu huizima mashine iliyokwisha kutengenezwa. Kurkumini, katika seli za maabara, hupunguza idadi ya mashine zinazotengenezwa. Ni kama boti inayoingiza maji: mmoja anachota maji kwa ndoo, mwingine anaziba tundu. Wakifanya pamoja huenda mbali kuliko kila mmoja peke yake. Hilo ndilo wazo lililowafanya watafiti wajaribu vitu hivyo viwili kwa pamoja.

MAABARA ILIONYESHA NINI

Mwaka 2005 watafiti wa Tel Aviv, Israeli, walichapisha matokeo ya kuchanganya selekoksibu na kurkumini juu ya seli za saratani ya utumbo mpana. Ukuaji wa seli ulizuiwa zaidi zilipowekwa zote mbili, na kiasi cha selekoksibu kilichohitajika kilikuwa kile ambacho kinaweza kufikiwa katika damu ya mgonjwa anayetumia dawa hiyo.

Kwa nini walitaka kupunguza kiasi cha selekoksibu? Sababu ilikuwa nzito. Mwaka 2004, jaribio kubwa la kutumia selekoksibu kuzuia vimbe za utumbo mpana zisirudi lilisimamishwa kwa kuwa matatizo ya moyo yaliongezeka kwa waliokuwa wakiimeza. Watafiti wakatafuta namna ya kupata faida kwa dozi ndogo zaidi. Mchanganyiko ulikuwa njia ya kupunguza madhara.

Mwaka 2013, watafiti wa Pomona, jimbo la California, Marekani, walichapisha kazi nyingine. Wao walichukua aspirini, kurkumini na kiini cha tatu kinachopatikana katika brokoli, wakavijaribu pamoja juu ya seli za saratani ya kongosho. Nao waliona mchanganyiko ukifanya kazi kuliko kila kimoja kikiwa peke yake.

Hizo ni habari za kweli na za kutia moyo. Lakini inafaa kujua jaribio la seli ni nini. Seli za saratani hukuzwa katika kisahani cha plastiki chenye majimaji ya lishe. Dawa humiminwa moja kwa moja juu yake. Hakuna tumbo la kuimeng'enya dawa, hakuna ini la kuivunja, hakuna figo za kuitoa, na hakuna moyo wala ubongo unaoweza kudhurika. Katika kisahani hicho hata sabuni huua seli za saratani, na hakuna anayemshauri mgonjwa anywe sabuni. Jaribio la seli huwaambia wanasayansi mahali pa kutafuta. Halimwambii mgonjwa cha kunywa.

KWA NINI JIKO SI MAABARA

Ugumu wa kwanza ni kipimo. Katika manjano ya unga, kurkumini ni takriban sehemu 3 tu kwa 100. Mwaka 2008, watafiti wa hospitali ya saratani ya MD Anderson huko Houston, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 25 wa saratani ya kongosho waliopewa gramu 8 za kurkumini kila siku. Gramu 8 za kurkumini ni sawa na zaidi ya robo kilo ya manjano ya unga. Hakuna anayeweza kula kiasi hicho kila siku. Hata hivyo, kurkumini iliyoonekana katika damu ya wagonjwa hao ilikuwa kidogo sana, na ni wagonjwa 2 tu ambao ugonjwa wao ulionyesha dalili ya kuitikia. Mmoja wa hao wawili, uvimbe wake ulipungua kwa muda mfupi kisha ukarudi kukua.

Sababu ni kwamba mwili haupokei kurkumini vizuri. Sehemu kubwa hupita tumboni na kutoka, na ile inayoingia huvunjwa upesi na ini. Wapo wanaoshauri kuongeza pilipili manga, na ni kweli kwamba mwaka 1998 watafiti wa India walionyesha kuwa kiini cha pilipili manga huongeza kurkumini inayoingia katika damu. Lakini kiini hicho hufanya hivyo kwa kulizuia ini lisivunje vitu, na ini hilo hilo ndilo linalovunja dawa nyingine anazomeza mgonjwa. Anayedhani ameongeza nguvu ya manjano anaweza kuwa ameongeza sumu ya dawa nyingine bila kujua.

Ugumu wa pili ni kwamba kidonge kimoja kinaweza kumfaa mtu mmoja na kumdhuru mwingine. Aspirini yenyewe ni mfano mzuri, kwa kuwa imejaribiwa kwa maelfu ya watu.

Katika jaribio liitwalo CAPP2, watu 861 wenye hali ya kurithi inayoongeza sana hatari ya saratani ya utumbo mpana waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilimeza miligramu 600 za aspirini kila siku kwa takriban miaka 2, na jingine likameza kidonge kisicho na dawa. Matokeo ya miaka mingi yaliyochapishwa 2020 yalionyesha kwamba waliopata saratani ya utumbo mpana walikuwa asilimia 9 katika kundi la aspirini na asilimia 13 katika kundi la pili. Hiyo ni faida ya kweli, lakini kwa watu wenye hali ile ya kurithi, na ilikuwa faida ya kuzuia saratani, si ya kuiponya.

Katika jaribio jingine, liitwalo ASPREE, wazee 19,114 wa Australia na Marekani, wengi wao wa miaka 70 na zaidi, walifuatiliwa kwa karibu miaka 5. Walikuwa watu wenye afya. Nusu walimeza aspirini ya miligramu 100 kila siku. Matokeo ya 2018 yaliwashangaza hata watafiti: waliokufa kwa saratani walikuwa asilimia 3.1 katika kundi la aspirini na asilimia 2.3 katika kundi lisilomeza. Waliovuja damu vibaya nao walikuwa wengi zaidi katika kundi la aspirini.

Dawa ni ile ile, lakini watu ni tofauti na matokeo ni tofauti. Kama aspirini peke yake inahitaji uangalifu kiasi hicho, mchanganyiko wa aspirini na mitishamba isiyopimwa unahitaji uangalifu mara mbili.

MFANO WA SHIMBA HILLS

Huenda mzee mmoja akauliza: je, wazungu hawataki tu kudharau mitishamba ya Waafrika? Swali hilo ni la haki, na jibu lake liko hapa hapa Pwani.

Mwaka 1972, mwanasayansi Morris Kupchan wa Marekani na wenzake walitangaza kwamba wametoa kiini kikali dhidi ya saratani kutoka kwa mmea wa Ethiopia. Kiini hicho kiliitwa maitansini. Mmea wa jamii hiyo hiyo ulipatikana katika msitu wa Shimba Hills, kaunti ya Kwale. Mwaka 1976 takriban tani 27 za mmea huo zilikusanywa Shimba Hills kwa ajili ya utafiti wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Walichukua nyingi mno hata miaka minne baadaye, walipotaka kukusanya tena, mimea ilikuwa haijarudi vya kutosha.

Basi maitansini ikapewa wagonjwa katika majaribio. Iliua seli za saratani, lakini kiasi kilichohitajika kiliudhuru mwili kupita kiasi. Wagonjwa walitapika, walihara, na mishipa ya fahamu ikaathirika. Majaribio yakasimama. Kama hadithi ingetegemea kisahani cha maabara peke yake, maitansini ingekuwa dawa kubwa tangu miaka ya 1970. Mwili wa binadamu ulikataa.

Wanasayansi hawakukata tamaa. Baada ya miaka mingi walipata njia ya kukifunga kiini cha aina hiyo kwenye kingamwili, yaani chembe ya protini inayotambua seli fulani za saratani ya matiti. Kingamwili hubeba sumu hadi kwenye seli mgonjwa na kuifungulia huko, badala ya kuimwaga mwili mzima. Dawa hiyo iliidhinishwa Marekani mwezi wa Februari 2013. Siku hizi kiini chake hutengenezwa kwa msaada wa bakteria, bila kufyeka msitu.

Tangu 1972 hadi 2013 ni miaka 41. Katika hadithi hiyo mitishamba haikudharauliwa. Ilichukuliwa kwa uzito mkubwa, ikapimwa, ikasafishwa, ikatafutiwa kipimo na njia ya kuifikisha mahali pake. Vivyo hivyo ua dogo la Madagaska, la waridi au jeupe, linalopandwa uani katika miji mingi ya Pwani, lilitoa dawa ya vinkristini ambayo hutumika hadi leo kutibu saratani ya damu ya watoto. Lakini dawa hiyo hutolewa kwa sindano, kwa kipimo cha uzito na kimo cha mtoto, chini ya macho ya daktari. Anayechemsha ua hilo na kunywa hanywi vinkristini iliyopimwa. Anakunywa sumu asiyojua kiasi chake.

HATARI ZA KUCHANGANYA BILA USHAURI

Ziko hatari tano ambazo kila nyumba izifahamu.

Ya kwanza ni kuvuja damu. Aspirini huzuia damu kuganda, na dawa nyingi za ukoo wake hupunguza ulinzi wa tumbo. Kurkumini ya vidonge kwa kiasi kikubwa nayo inaweza kupunguza kuganda kwa damu. Mtu mwenye vidonda vya tumbo, au anayemeza dawa za kulainisha damu, anaweza kuvuja damu tumboni bila kuhisi. Choo cheusi kama lami ni dalili ya kwenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Ya pili ni figo. Ibuprofeni na diklofenaki hupunguza damu inayofika kwenye figo. Katika joto la Tana River, kwa mtu aliyefanya kazi shambani kutwa bila maji ya kutosha, au anayehara, vidonge hivyo vikimezwa kila siku vinaweza kuharibu figo. Wazee na wagonjwa wa presha na sukari wamo hatarini zaidi.

Ya tatu ni homa. Mtu mwenye homa inayoshukiwa kuwa ya dengi, ambayo imewahi kuzuka Mombasa, asipewe aspirini wala ibuprofeni kwa sababu ya kuvuja damu. Na mtoto mwenye homa asipewe aspirini kabisa, isipokuwa daktari ameamua. Mama mjamzito naye asimeze dawa za ukoo huu bila ushauri wa kliniki.

Ya nne ni kupingana na matibabu. Mwaka 2002 watafiti wa North Carolina, Marekani, waliwapa panya wenye saratani ya matiti chakula chenye kurkumini pamoja na dawa ya saratani iitwayo saiklofosfamidi. Dawa ilipungua nguvu. Panya si binadamu, lakini matokeo hayo yanatosha kumfanya mgonjwa aliye kwenye matibabu amwambie daktari kila kitu anachokunywa.

Ya tano ndiyo kubwa kuliko zote. Dawa ya maumivu hufunika maumivu. Uvimbe unaendelea kukua, lakini mgonjwa anasema, "Naona nafuu." Manjano yanasifiwa, miezi mitatu inapita, kisha sita. Ugonjwa ambao ungekatwa kwa upasuaji umeshafika kwenye ini. Katika delta hii wakati una adui mwingine, nao ni mafuriko. Mto ukifurika, kama ilivyotokea mwishoni mwa 2023 na tena 2024, barabara hukatika na rufaa hukwama. Mgonjwa aliyekwisha kupoteza miezi sita kwa manjano hana wiki nyingine za kupoteza kwa maji.

MGONJWA AFANYE NINI

Asiyeweza kumeza ugali vizuri, au anayehisi chakula kinakwama kifuani, asisubiri. Vilevile mwanamke mwenye uvimbe kwenye titi, au anayetokwa damu baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi. Vilevile mtu mwenye damu katika choo au mkojo, kidonda kisichopona, au anayekonda bila sababu. Dalili hizi si lazima ziwe saratani, lakini zikidumu wiki mbili au tatu ni lazima zichunguzwe.

Mahali pa kuanzia ni karibu: mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji, zahanati, Kituo cha Afya cha Garsen au Hospitali ya Ngao. Kutoka huko mgonjwa anaweza kupewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kaunti huko Hola, na ikihitajika, kwenye huduma za saratani za Mombasa au Garissa. Safari ya Mombasa ni zaidi ya kilomita 200 na gharama yake inajulikana. Ndiyo maana inafaa kila familia iwe imejiandikisha na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyoanza kazi Oktoba 2024 badala ya NHIF, kabla ugonjwa haujabisha hodi.

Kwa akina mama, uchunguzi wa mlango wa kizazi unalenga hasa wenye miaka 25 hadi 49, hata kama hawaumwi popote. Njia moja hutumia siki iliyopunguzwa makali, na majibu hupatikana hapo hapo. Mabadiliko yakionekana mapema hutibiwa kabla hayajawa saratani. Kwa wasichana, Kenya ilianza kutoa chanjo ya kuzuia saratani hiyo Oktoba 2019, kuanzia umri wa miaka 10. Mzazi anayetafuta kinga dhidi ya saratani kwa bintiye ataipata kwenye chanjo hiyo, na imethibitishwa kwa watu, si kwenye kisahani.

Kwa wanaotoa dawa za mitishamba, heshima yao ipo, na Sheria ya Afya ya 2017 inaitambua tiba ya asili. Mganga mwema ni yule anayeona uvimbe na kusema, "Huyu nendeni naye hospitali kwanza." Anayemwambia mgonjwa aache dawa za hospitali ili dawa yake ifanye kazi, huyo hajamsaidia mgonjwa wala hajaisaidia tiba ya asili.

Na kwa wahudumu wa afya, mgonjwa asikaripiwe anapotaja mitishamba. Akikaripiwa leo, kesho ataficha. Aulizwe kwa upole: "Mama, unakunywa dawa gani nyingine nyumbani?" Naye mgonjwa abebe kila kitu, vidonge, unga, hata kipande cha mzizi, aviweke mezani. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na siku hizi anayeficha dawa naye yumo katika msemo huo.

MASWALI MATATU

Mwisho, ujumbe mwingine utakuja. Leo ni manjano, kesho itakuwa mwarobaini au majani ya mstafeli. Yeyote atakayeupokea ajiulize maswali matatu kabla ya kuutuma mbele.

Moja: jambo hili limejaribiwa kwenye seli, kwa panya, au kwa watu? Mbili: kama ni watu, walikuwa wangapi, na ni wagonjwa wa aina gani? Tatu: walipewa kiasi gani, na walipata madhara gani? Ujumbe usio na majibu hayo ubaki kwenye simu ya aliyeupokea. Usifike kwa shangazi wa Kipini mwenye uvimbe, ambaye anatafuta sababu yoyote ya kuahirisha safari ya hospitali.

Manjano yaendelee kutiwa kwenye mchuzi. Aspirini imezwe na yule ambaye daktari amesema aimeze. Utafiti wa kuziunganisha dawa za maumivu na viini vya mimea unaendelea duniani, na siku utakapothibitishwa kwa wagonjwa, dawa hiyo itakuja kwa kipimo chake na itatolewa na mhudumu wa afya. Hadi siku hiyo, mwenye dalili aende akachunguzwe wiki hii, maji ya mto yakiwa bado yamo ndani ya kingo zake.